Maswali Yenu: Mwanga wa Vitu Vinavyong'aa Gizani Hutoka Wapi?

Barua zilizotufikia kuhusu vijiti vya mwanga, nyota za plastiki, saa za kale na viatu vinavyometameta ni nyingi kuliko nafasi ya safu hii, kwa hiyo nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa hata wale ambao barua zao hazimo. Karibu kila aliyeandika, awe anauliza kuhusu usalama, kuhusu rangi au kuhusu muda wa kung'aa, kwa hakika anauliza jambo moja: nishati inayozaa mwanga huu imetoka wapi? Hakuna kitu kinachotoa mwanga pasipo kutumia nishati iliyotoka mahali fulani, na mahali hapo pakishajulikana, mtu anaweza kutambua mwenyewe kama kitu hicho kitaweza kung'aa tena, kama kitafifia usiku ule ule, na kama kinafaa kuachwa mikononi mwa mtoto.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Kwa nini kijiti cha mwanga huanza kung'aa pale tu kinapokunjwa na kusikika kikialika ndani? Na je, ni kweli kwamba ukikiweka kwenye friza kinajichaji upya?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sauti hiyo ni ya kichupa chembamba cha kioo kilichomo ndani ya mrija wa plastiki, na kuvunjika kwake ndiko kunakoanzisha kila kitu. Kwa kawaida ndani ya kichupa mna myeyusho wa peroksidi ya haidrojeni, na katika nafasi iliyobaki ya mrija mna kemikali iitwayo difenili oksaleti pamoja na rangi maalumu. Maadamu kioo ni kizima, vimiminika hivyo viwili havikutani, na kijiti kinaweza kukaa katika pakiti yake kwa muda mrefu bila kutoa mwanga wowote. Kioo kikivunjika vinachanganyika, mmenyuko wa kemikali unaanza, na katika hatua mojawapo, kama wanakemia wengi wanavyoueleza, huundwa molekuli yenye kaboni mbili na oksijeni nne tu, ambayo ni dhaifu kiasi kwamba haiwezi kudumu, bali hupasuka na kuwa molekuli mbili za kaboni dioksidi. Sehemu ya nishati inayoachiwa hapo hukabidhiwa molekuli ya rangi iliyo jirani. Elektroni ya rangi hiyo hupanda hadi ngazi ya juu ya nishati, na inaposhuka kurudi mahali pake hutoa mwanga.

Hapo ndipo penye uzuri wa ubunifu huu. Kazi imegawanywa: peroksidi na oksaleti huleta nishati, na rangi huigeuza nishati hiyo kuwa mwanga. Kwa sababu hiyo kiwanda hakihitaji kubuni mmenyuko mpya kwa kila rangi. Wakitia difenili anthrasini wanapata buluu, wakitia rubrini wanapata njano inayoelekea chungwa, na wakitia rodamini wanapata nyekundu, ilhali sehemu nyingine zote za kijiti zimebaki zile zile. Msingi wa jambo hili uliwekwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Edwin Chandross, mkemia wa maabara za Bell Labs nchini Marekani, aliyegundua kwamba peroksidi ya haidrojeni ikikutana na kemikali ya jamii ya oksaleti mbele ya rangi inayofaa hutoa mwanga. Mwanga alioupata ulikuwa hafifu, na ni Michael Rauhut na wenzake wa kampuni ya American Cyanamid waliotafuta oksaleti bora zaidi hadi mwanga ukawa mkali na wa kudumu kiasi cha kufaa kwa matumizi ya watu.

Kuhusu friza, aliyekuambia hivyo ameona jambo la kweli akalieleza kimakosa. Baridi haikichaji kijiti, kwa sababu hakuna nishati mpya inayoingia. Oksaleti iliyokwisha kutumika haiwezi kurudi ilivyokuwa. Kinachofanywa na baridi ni kuuchelewesha mmenyuko. Kwa menyuko nyingi za kemikali, joto likipungua kwa nyuzi 10 za Selsiasi mwendo hupungua kwa takriban nusu, kwa hiyo kijiti kilichowekwa kwenye friza hufifia sana, lakini akiba yake ya kemikali hubaki ikisubiri, na kikitolewa na kupata joto la chumba huendelea kuanzia pale kilipoachia. Kinyume chake ni kukitumbukiza katika maji ya vuguvugu: kitang'aa kwa ukali wa kupendeza, kisha kitakwisha mapema. Watengenezaji huutumia ukweli huo huo kwa kubadilisha kiasi cha kichocheo na aina ya kemikali. Viko vijiti vya dharura vinavyodumu saa 12 kwa mwanga wa wastani, na viko vinavyomaliza akiba yote kwa dakika 5 tu kwa mwanga mkali sana. Usijaribu hata kidogo kukipasha kijiti katika oveni ya mikrowevu au juu ya moto, kwa sababu mrija unaweza kupasuka na kurusha kimiminika na vipande vya kioo machoni.

Swali la kukizima nalijibu kwa ufupi, kwa kuwa wengine wameliuliza: hakuna swichi, kwa sababu vimiminika vikishachanganyika haviwezi kutenganishwa.

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu wa miaka mitatu alitafuna kijiti mpaka kikatoboka na mdomo wake ukawa unang'aa. Nilishtuka mno. Je, ile ni sumu?

JIBU: Mama, mshtuko wako unaeleweka. Kiasi kidogo cha kimiminika kile kinachoingia mdomoni kwa kawaida huleta ladha chungu, muwasho wa ulimi na koo, na pengine kichefuchefu, lakini si jambo la kumpeleka mtoto katika hatari ya kufa. Mfute mdomo kwa kitambaa chenye maji, mpe maji au maziwa anywe kidogo, na usimlazimishe kutapika. Kikiingia jichoni, hali ni nzito zaidi: osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha umpeleke kwa daktari ikiwa jicho limebaki jekundu au linauma.

Mimi naogopa zaidi kioo kuliko kemikali. Mrija uliotoboka una vipande vyembamba vya ile chupa ya ndani, na vipande hivyo hukata ulimi na vidole bila kuonekana. Mtoto aliye katika umri wa kutia kila kitu mdomoni hapaswi kupewa kijiti ashike mwenyewe; kitundike mahali ambapo atakiona tu. Vilevile kimiminika kile huweza kulainisha baadhi ya plastiki na kuharibu vanishi ya meza, kwa hiyo kikimwagika kifute upesi, na usitoboe kijiti kwa makusudi ili kunyunyiza kimiminika ukutani, mchezo ambao vijana wengi hupenda kuucheza.

SWALI: Nimebandika nyota za plastiki kwenye dari ya chumba cha watoto. Usiku wa kwanza ziling'aa vizuri, lakini sasa hufifia ndani ya dakika chache. Taa ya chumba huwaka jioni nzima. Tatizo ni nini? Na kwa nini karibu zote ni za kijani?

JIBU: Nyota hizo hazitengenezi mwanga kwa kemikali zinazokwisha, bali huhifadhi mwanga ulioziangukia. Ndani ya plastiki yake mmechanganywa unga wa fuwele. Mwanga unapoipiga fuwele hiyo, elektroni hupata nishati na baadhi yake hunaswa katika mitego iliyomo ndani ya mpangilio wa atomi. Zikishanaswa haziwezi kutoka mara moja. Huhitaji msukumo mdogo, na msukumo huo hutolewa na joto la kawaida la chumba. Elektroni moja moja hujinasua, hurudi mahali pake, na kila inayorudi hutoa mwanga. Mwendo wake ni kama wa maji yanayovuja katika mtungi uliotoboka chini: mtungi ukiwa umejaa maji huruka kwa nguvu, kisha kadiri yanavyopungua ndivyo yanavyotoka polepole, mpaka yanabaki matone. Ndiyo maana nyota hung'aa sana katika dakika za mwanzo baada ya taa kuzimwa, kisha huendelea kwa saa nyingi kwa mwanga hafifu ambao wengi hudhani kuwa umekwisha.

Sasa tuje kwenye taa yako. Si kila mwanga unaweza kuzijaza nyota. Kila chembe ya mwanga hubeba nishati kulingana na rangi yake: ya mwanga mwekundu ina nishati ndogo, ya buluu ina kubwa zaidi, na ya mionzi ya urujuanimno inaizidi hata hiyo. Ikiwa chembe moja haina nishati ya kutosha kuiinua elektroni, kuongeza wingi wa chembe hizo hakusaidii kitu, kwa hiyo taa nyekundu inaweza kuwaka usiku kucha bila nyota kupata akiba ya maana. Taa zenye mwanga wa manjano manjano, zinazopendwa vyumbani kwa utulivu wake, zina buluu kidogo. Nakushauri uzimulike nyota kwa taa ya LED nyeupe isiyo ya manjano, kwa ukaribu, kwa dakika chache kabla watoto hawajalala, au uziondoe darini na kuzianika kwa muda mfupi mahali penye mwanga wa mchana. Kisha wape macho nafasi. Macho ya binadamu huhitaji kati ya dakika 20 na 30 kuzoea giza kikamilifu, na mtu anayetazama simu kisha akaangalia dari hataona nyota hata kama zingali zinang'aa.

Huenda pia tatizo ni aina ya unga uliotumika. Kwa miaka mingi vitu vya namna hii vilitengenezwa kwa salfaidi ya zinki iliyotiwa shaba kidogo, na mwanga wake haukai muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Japani walileta aluminati ya strontiamu iliyotiwa europiamu na disprosiamu, ambayo hung'aa kwa ukali zaidi na huonekana gizani kwa saa 10 au zaidi. Ndiyo inayotumiwa leo katika alama za milango ya dharura na kingo za ngazi, mahali ambapo umeme ukikatika watu wanapaswa kuiona njia. Lakini aluminati hiyo huharibiwa na maji ikiwa chembe zake hazikufunikwa vizuri, kwa hiyo nyota za aina hii zisioshwe kwa kulowekwa.

Ukijani wake una sababu mbili zinazokwenda pamoja. Aluminati ya strontiamu ya aina bora hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 520, yaani kijani, na jicho lililozoea giza huona vizuri zaidi mwanga wa karibu na nanomita 507. Zipo za buluu na za zambarau, ila kwa jicho la usiku ile ya kijani ndiyo inayoonekana kushinda zote.

Wasomaji wawili waliuliza kama nyota hizo zina fosforasi. Hazina. Fosforasi nyeupe, iliyogunduliwa na Hennig Brand mjini Hamburg mwaka 1669, hung'aa kwa sababu inaungana polepole na oksijeni ya hewani, kwa hiyo iko katika kundi moja na kijiti cha mwanga, si katika kundi la nyota. Tena ni sumu kali inayoweza kuwaka yenyewe, na haitumiki katika vitu vya kuchezea.

SWALI: Nimerithi kwa marehemu babu saa ya mkononi ya zamani ambayo tarakimu zake zilikuwa ziking'aa usiku kucha bila kumulikwa. Sasa haing'ai tena. Je, nichukulie kwamba ile hatari ya mionzi inayosemwa imekwisha?

JIBU: La, ndugu yangu, na nakuomba ulisome jibu hili kwa makini. Kung'aa bila kumulikwa kwanza maana yake ni kwamba nishati ilikuwa inatoka ndani ya rangi yenyewe. Katika saa nyingi za nusu ya kwanza ya karne ya 20, rangi hiyo ilikuwa mchanganyiko wa salfaidi ya zinki na radiamu, elementi iliyogunduliwa na Marie na Pierre Curie mwaka 1898. Radiamu hutoa mionzi mfululizo, na mionzi hiyo inapoipiga salfaidi ya zinki huifanya itoe mwanga. Tatizo ni kwamba mionzi ile ile huiharibu salfaidi mwaka baada ya mwaka, hadi mwanga unakoma. Radiamu haijaondoka. Radiamu-226 huhitaji takriban miaka 1,600 ili nusu yake tu iishe, kwa hiyo saa ya babu, ikiwa ni ya aina hiyo, ina karibu radiamu yote iliyokuwa nayo siku ilipotengenezwa. Giza la tarakimu zake ni ushahidi wa uchovu wa zinki tu.

Historia yake ni ya kuhuzunisha, na haifai kusahauliwa. Katika miaka ya 1910 na 1920, wanawake vijana waliajiriwa nchini Marekani kupaka rangi hiyo kwenye nyuso za saa, na walifundishwa kuchongoa ncha ya brashi kwa midomo yao. Kila mara walimeza kiasi kidogo cha radiamu, ambayo mwili huichukulia kama kalsiamu na kuiweka mifupani. Mataya yao yaliharibika, mifupa ikavunjika, wengi wakafa. Mwaka 1927 Grace Fryer na wenzake wanne, waliokuwa wamefanya kazi katika kiwanda cha United States Radium Corporation huko Orange, New Jersey, waliishtaki kampuni hiyo, na mwaka uliofuata kesi ikamalizika kwa makubaliano ya fidia. Kutokana na madhila yao ulimwengu ulijifunza mengi kuhusu kuwalinda wafanyakazi dhidi ya mionzi.

Saa iliyofungwa vizuri na kuhifadhiwa kabatini haina madhara makubwa kwa anayeimiliki, lakini usiifungue, usiikwangue, usimpe mtoto, wala usiivae kila siku. Vumbi la rangi hiyo likivutwa au kumezwa ndipo hatari inapoanza, na radiamu pia huzalisha radoni, gesi yenye mionzi. Kabla ya kumpelekea fundi, wasiliana na mamlaka ya nchi yako inayosimamia mionzi ili ipimwe.

Saa nyingine za baadaye zilitumia tritiamu, aina ya haidrojeni yenye mionzi, ambayo nusu yake huisha kwa takriban miaka 12.3, na mionzi yake ni dhaifu kiasi kwamba haipiti kwenye kioo cha saa. Saa nyingi za leo hutumia aluminati ile ile ya nyota za darini, isiyo na mionzi kabisa.

SWALI: Kwa nini shati jeupe hung'aa chini ya taa ya zambarau ukumbini, lakini hukoma mara taa inapozimwa?

JIBU: Kwa sababu haliweki akiba. Sabuni nyingi za kufulia zina kemikali zinazomeza mionzi ya urujuanimno, ambayo hatuioni, na papo hapo kuitoa kama mwanga wa buluu tunaouona. Muda kati ya kumeza na kutoa ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Mwaka 1852 George Stokes wa Uingereza alilieleza jambo hili kwa kutumia kwinini, na hata leo kinywaji chenye kwinini kikimulikwa kwa taa hiyo hugeuka buluu. Angalizo ni moja: taa za ukumbini hutumia urujuanimno ulio karibu na mwanga wa kawaida, nazo si za kukodolewa macho kwa muda mrefu, lakini taa za kuulia vijidudu ni za aina nyingine kabisa, huunguza macho na ngozi, na hazifai kutumika kwa burudani.

SWALI: Viatu vya mwanangu vilikuwa vikimetameta kila anapokanyaga. Vimekoma. Je, naweza kubadilisha betri?

JIBU: Ndani ya kisigino mna kibetri kidogo, taa za LED, na swichi ya springi inayogusana kila kiatu kinapopigwa chini. Vyote vimezibwa ndani ya plastiki, kwa hiyo kwa kawaida betri haibadilishwi, na mimi nakushauri usijaribu kukipasua kisigino. Betri bapa za mviringo zina hatari ambayo wazazi wengi hawaijui: mtoto akiimeza ikakwama kooni, umeme wake huzalisha alikali, yaani kemikali kali ya kuunguza, kutokana na majimaji ya mwili, na kuunguza koo ndani ya saa 2 tu. Hata betri iliyochoka, isiyoweza kuwasha taa, bado ina umeme wa kutosha kufanya hivyo. Ukishuku kwamba mtoto amemeza betri, mpeleke hospitali papo hapo, usisubiri dalili. Na kitu chochote cha kuchezea kinachowaka, kikaguliwe kama mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu.

SWALI: Nimeona mtandaoni mbegu za waridi linalong'aa gizani. Je, mimea ya namna hiyo ipo kweli?

JIBU: Mimea inayong'aa ipo, ila waridi la picha hizo halipo. Viumbe wengi hutoa mwanga wao wenyewe. Kimulimuli, kwa mfano, huunganisha kemikali iitwayo lusiferini na oksijeni kwa msaada wa kimeng'enya. Wanasayansi walichukua jeni za uyoga unaong'aa wakazipandikiza katika mimea, na mwaka 2024 petunia iliyotokana na kazi hiyo ilianza kuuzwa nchini Marekani. Nishati yake hutoka katika chakula ambacho mmea umejitengenezea, kwa hiyo haihitaji kumulikwa kwa taa maalumu wala kunyunyiziwa kemikali, na machipukizi na maua machanga ndiyo hung'aa zaidi, kwa kuwa humo ndimo shughuli za uhai zinamoenda kasi.

Mwanga huo ni hafifu na wa kijani, na huonekana na mtu aliyekaa gizani dakika kadhaa. Muuzaji anayekuonyesha ua lenye petali za buluu, nyekundu na zambarau linalowaka mchana kweupe amekuonyesha picha iliyotiwa rangi kwa kompyuta, na mbegu atakazokuletea, zikiota, zitakuwa za mmea wa kawaida.